Miche ilikauka, tukahamia kwenye visiki

Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miche ya kupanda hukauka kabla mizizi haijashuka. Kikundi chetu kikahamia kisiki hai, yaani kukuza mti kutoka kwenye kisiki chenye mizizi mizima. Niger wakulima walirejesha miti mashambani hivyohivyo kuanzia miaka ya 1980, bila vitalu.

Kwenye kila kisiki cha mgunga nachagua machipukizi machache, manene na yaliyonyooka. Mengine nayakata kwa panga kali, kutoka chini kwenda juu, gamba lisichanike. Napogolea matawi ya chini, yasizidi nusu ya urefu, kisha nafunga kitambaa ili mwenye jembe la ng'ombe alione chipukizi.

Kazi hasa ilikuwa mbuzi. Uzio wa miiba haukufua dafu. Tukakaa na wafugaji kwenye mkutano wa kijiji: wasiingize mifugo mpaka machipukizi yapite kimo cha mbuzi, sisi tuwaachie mabua na matawi tuliyopogoa. Wamekubali, na faini ikiwapo wanaipanga wao. Mbuzi wa kijiji cha pili bado wanatusumbua.