Nilivyohesabu watoto wa Halloween kwa bao na maharage

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Columbus, Ohio, ni watoto wangapi wanaobisha hodi kwake usiku wa Halloween, ule ambao watoto hupita nyumba kwa nyumba na mavazi ya kujigeuza wakiomba pipi, atakujibu "hamsini hivi". Nyumba ya kona, hamsini. Nyumba yenye ngazi kumi na nne za kupandia, hamsini. Mwaka wa kwanza nikaamini, nikanunua pipi za watoto sitini ili nisiaibike, na ilipofika saa 1 na dakika 5 jioni nilikuwa natoa biskuti zangu za chai. Wazazi wa huku hawataki kitu ambacho hakijafungwa kiwandani. Walipokea kwa adabu, na nina hakika biskuti hazikuvuka kona ya pili.

Sisi tuliokulia Pwani tunaujua mkono wa Idi: unavunja noti mapema, watoto wa mtaa unawajua kwa majina na kwa mama zao, hesabu iko kichwani. Huku mambo ni mengine. Wengi huwajui, maana wazazi huwaleta kwa gari kutoka mitaa ambayo nyumba zake zimeachana sana, wakifuata zilizobanana, zenye njia ya kupita kwa miguu na taa za kibarazani zikiwaka. Taa ikiwaka maana yake karibu, ikizimwa, wanapita. Kwa hiyo hakuna wa kukukisia hesabu yako. Lazima uhesabu mwenyewe, na kuhesabu kwenyewe kuna kazi yake.

Kabla ya yote, hakikisha tarehe. Columbus ina saa zake maalumu, kuanzia saa 12 hadi saa 2 jioni, na kuna miaka ambayo tarehe 31 Oktoba iliangukia Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, usiku wenyewe ukarudishwa Alhamisi. Mwaka 2025 tarehe 31 ilikuwa Ijumaa. Watoto walitoka Alhamisi tarehe 30. Mwaka kama huo ukifuata kalenda tu, utakaa na beseni lako la chokoleti siku ya pili yake ukisikiliza upepo.

Niliyojaribu yakashindikana, niyaseme, maana bado watu wanashauriana hayohayo.

Karatasi na kalamu: mkono mmoja umeshika beseni, wa pili unafungua mlango, kalamu iko wapi? Unasema utaandika wakishaondoka. Kundi la watoto tisa linakuja, wawili wanarudi kuchukua kofia iliyoanguka, wengine wanne wanaingia kabla mlango haujafungwa, na unapofika kwenye karatasi unaandika "12?". Nilipoangalia karatasi yangu baadaye, karibu kila tarakimu ilikuwa tano, kumi au kumi na tano. Hapo mtu hahesabu tena, anakadiria kwa vidole.

Kamera ya kengele ya mlangoni: hii ndiyo inayopendwa na wanaojua kompyuta. Ilinipa matukio 31. Kamera ikishaamka hurekodi kipande chake, kisha nyingi hupumzika kidogo kabla ya kuamka tena. Kundi linalofuata kwa karibu linamezwa humohumo. Tena inamrekodi baba aliyesimama nyuma, paka, na mimi mwenyewe nikitoka kuwasha mshumaa uliozimika ndani ya boga la pambo. Ukitaka idadi ya watoto itabidi ukae uangalie kila kipande, na gizani watatu waliovaa nguo nyeusi wanaonekana mmoja mpana.

Beseni nje na kibao cha "chukua moja": sisemi sana. Lilikwisha lote, na hadi leo sijui lilimalizwa na watoto arobaini au wanne.

Kuhesabu pipi ndiko kulikonidanganya zaidi, kwa sababu kunafanana na hesabu ya kweli. Nilianza na vipande 240, nikabaki na 51, kwa hiyo vimetoka 189. Haya, watoto wangapi? Mwanzoni nilikuwa natoa viwiliviwili. Kundi kubwa lilipokuja nikaogopa, nikatoa kimojakimoja. Mwishoni, nilipoona vimebaki, nikawa nachota kiganja. Ukigawa kwa moja, watoto 189. Ukigawa kwa mbili, watoto 94 na nusu. Ukikumbuka viganja vya mwisho, pengine hata themanini hawakufika. Njia hii inafaa tu ukiapa kutoa kipande kimoja kwa mtoto mmoja usiku kucha, na hata hivyo una watu nyumbani wenye mikono.

Sasa bao. Nina bao la kete, lile letu la mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, limetundikwa ukutani kama pambo tangu nihamie. Siku moja nikiwa nalifuta vumbi ndipo ikanijia: saa mbili ni robo saa nane. Mstari mmoja wa bao ni usiku mzima wa Halloween! Nililishusha siku hiyohiyo.

Linakaa juu ya kigoda nyuma ya mlango, upande usiofungukia. Shimo la kwanza kushoto ni saa 12 kamili hadi saa 12 na robo, la pili hadi saa 12 na nusu, na kuendelea. Simu imewekwa iite kila robo saa. Ikiita, unahamia shimo linalofuata. Mstari wa kwanza, ule wa ndani upande wangu, ni wa watoto wadogo. Wa pili ni wa wakubwa, wale ambao sauti imeshavunjika na mavazi yao ni kofia tu. Mstari wa tatu ni wa mlango wenyewe: kila ukifunguliwa, kitu kimoja. Wa nne ni wa wasiohesabiwa, yaani watu wazima wenye mifuko na watoto wanaorudi mara ya pili.

Kete zenyewe, zile komwe 64, zilitumika kwenye mstari wa mlango. Kwa watoto nilitumia maharage makavu. Maharage 34 hayakai kwenye shimo la bao, yanamwagika kwa jirani na hesabu inaharibika, kwa hiyo kila yakifika kumi unayatoa na kuweka sarafu moja ya senti kumi, ile ya Marekani iliyo ndogo kuliko zote. Shimo likiwa na sarafu tatu na maharage sita, ni 36. Hata mtoto wa darasa la pili anaisoma.

Ukiwa peke yako, usijaribu kudondosha maharage kwenye shimo wakati wageni wako mlangoni. Vaa koti lenye mifuko miwili na suruali yenye mifuko. Maharage yote yawe mfuko wa kulia wa koti. Mdogo akipokea, harage moja linahamia mfuko wa kushoto wa koti. Mkubwa, linakwenda mfuko wa suruali. Simu ikiita, unamwaga kila mfuko kwenye shimo lake. Mkono unajifunza ndani ya dakika kumi, na macho yako yanabaki kwa watoto.

Wanaorudi mara ya pili nilihangaika nao. Mavazi hayasaidii: Spider-Man watapita wengi, na wajanja hubadilishana vinyago kwenye giza la mti wa jirani. Angalia viatu. Kinyago atabadilisha, viatu havibadiliki. Mvulana mmoja alikuja joka, akaja mzimu, akaja mara ya tatu amevaa shuka, mara zote raba ileile ya kijani yenye kamba moja nyeupe na moja nyeusi. Alipata pipi zote tatu, kwa bidii yake. Kwenye hesabu ni mtoto mmoja, na maharage mawili yakaenda mstari wa nne.

Matokeo ya mwaka huo wa kwanza wa bao, mstari wa wadogo kuanzia kushoto: 3, 9, 19, 29, 36, 25, 14, 5. Jumla 140. Wakubwa: 0, 0, 1, 2, 4, 6, 9, 7. Jumla 29. Wote 169. Shimo lililojaa kuliko yote lilikuwa la tano, na wachezaji mtanielewa: ndilo liitwalo nyumba, lile la mraba. Nilicheka peke yangu.

Nilipima na pipi pia. Mwaka huo nilishika kiapo cha kimojakimoja, nikaanza na 240, zikabaki 68, zimetoka 172. Toa zile mbili za ziada za raba ya kijani, inabaki 170. Moja niliikuta asubuhi chini ya zulia la mlangoni. Hesabu ikafunga.

Lakini lililonifungua macho ni mstari wa tatu. Mlango ulifunguliwa mara 58. Watoto 169, mlango mara 58: karibu watoto watatu kila hodi. Basi majirani zangu hawakuwa waongo! Walikuwa wanakumbuka kengele. Mtu anakumbuka mara alizoinuka kwenye kochi, hakumbuki vichwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "hamsini", muulize kwanza anahesabu hodi au watoto, na kama hajui tofauti, zidisha kwa tatu ndipo uende dukani.

Umbo la mistari nalo lina sababu. Tangu 2007 Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba badala ya ile ya mwisho ya Oktoba, hivyo usiku wa Halloween jua la Columbus huzama karibu saa 12 na nusu. Nusu saa ya kwanza bado kuna mwanga, na ndiyo ya vitoto vya kushikwa mkono, wachache. Giza likiingia wanamiminika wa shule ya msingi. Baada ya saa 1 na nusu wadogo wanapungua na wakubwa wanazidi, kwa sababu hao hawana mzazi wa kuwarudisha kulala.

Kwa nyumba yangu, watoto waliofika kabla ya saa 1 kamili walikuwa 63 kati ya 169. Kwa hiyo saa 1 ikilia, chukua ulichonacho kwenye bao uzidishe kwa 2.7. Mwaka uliofuata ulikuwa wa baridi na manyunyu. Saa 1 ilinikuta na 48. Nikakokotoa 130. Nilikuwa nimenunua vipande 180 (kama dola arobaini, labda na ushei, risiti sikuiweka), nimebaki na 132. Robo saa ya watu wengi nikaendelea na kimojakimoja, watoto 31. Kisha nikajua niko salama, nikatoa viwiliviwili. Walifika 124, nikabaki na vipande 11. Namba 2.7 ni ya nyumba yangu. Yako itafute kwenye bao lako, hasa kama unakaa ghorofani ambako huenda wasipande kabisa.

Kuhusu cha kununua, kidogo tu. Pipi za kutafuna nyingi zina gelatini ya nguruwe, na nina majirani Wasomali, wengine walipitia Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya, na Kiswahili wanakijua. Wenye kuruhusu watoto wao kutoka huuliza. Chokoleti isiyo na karanga inawafaa wengi. Weka pia bakuli la stika na penseli kwa wenye mzio. Boga lililopakwa rangi ya kijani cha bahari kibarazani ndiyo alama yake, ilienea Marekani kuanzia 2014. Anayechukua stika naye ni harage moja, usimsahau, ndiyo sababu hesabu ya pipi peke yake haitoshi.

Usihamishe bao kabla ya kuandika. Saa 2 na dakika 5 zima taa, piga picha ya bao lilipo, ndipo uguse. Mimi nilililaza kwenye meza likainama kidogo, na mashimo mawili ya wakubwa yakawa moja.

Mara ya mwisho nilimgawia jirani wa mkabala maharage, nikamweleza habari ya mifuko miwili. Saa 2 na robo alivuka barabara kuniletea matokeo yake, akamwaga mezani: maharage 131, kifungo kimoja, na ufunguo wa gari aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi.