Pangaboi lilikuwa linataka kusukumwa tu

Nianze na hasira zangu kabla hazijapoa. Mwezi wa kwanza nilishauriwa na watu wanne kuhusu pangaboi moja, na wote wanne walinipoteza: mmoja kwa kutaka hela, watatu kwa upendo. Hao wa upendo ndio walionitia hasara zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Temeke. Mwezi wa kwanza ni mwezi wa sare za shule, kwa hiyo nashinda kwenye cherehani toka asubuhi hadi usiku, na joto la Dar mnalijua. Bila pangaboi jasho linadondokea kitambaa. Sasa hili langu lilichoka taratibu mno, hata sikushtuka. Namba tano ikawa kama namba tatu, namba tatu ikawa kama moja, mpaka siku moja nawasha, linatoa sauti tu, mmmmm, kama mtu anayekataa kula. Halizunguki.

Wa kwanza kunishauri alikuwa jirani yangu wa duka la vipodozi. "Hilo limekauka dada, lipake mafuta." Nikaona ana akili, maana na mimi mafuta ya cherehani ninayo chupa nzima. Nikapanda juu ya meza, nikamimina kwenye upenyo ule wa juu ambako bomba linaingilia. Sikumimina kidogo. Nilisema moyoni, kama cherehani inapenda, na hili litapenda.

Halikupenda. Lilizunguka robo raundi likasimama, na mafuta yakatafuta njia ya kushuka. Mimi niko nje naongea na mteja, ndani tone moja moja linaangukia mashati meupe sita ya darasa la kwanza ambayo nilikuwa nimeshayapiga pasi. Sita! Usiku ule nilimwaga poda ya mtoto juu ya madoa yote, nikayaacha yalale nayo, asubuhi nikafua na sabuni ya mche. Yalitoka. Hiyo poda ikumbukeni hata kama ya umeme hamna haja nayo.

Wa pili alikuwa fundi umeme. Alitazama juu, hata meza hakupanda, akasema mota imeungua, inatakiwa isukwe upya, elfu arobaini. Nikamuuliza mbona hainuki. Nimewahi kuunguza mota ya cherehani ya umeme, najua harufu yake, inakaa puani wiki nzima. Akasema, "Mama, hizi za siku hizi hazinuki." Hapo nikaanza kumtilia shaka. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, akaninunulisha regulata mpya ya ukutani, ile ya kuchagulia namba, kama elfu kumi na kitu. Tukafunga. Mmmmm ileile.

Basi jioni moja, kwa hasira tu, nikachukua rula yangu ya mbao ya mita moja, nikalisukuma panga moja huku umeme umewashwa. Likaondoka! Pole pole, lakini likaondoka lenyewe na likaendelea. Nikazima, nikasubiri lisimame kabisa, nikawasha, nikalisukuma upande wa pili. Likaenda upande huo huo niliolisukumia, kinyumenyume, upepo unapiga dari na vumbi la miaka mitatu linanishukia kichwani. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa nakijua kitu hicho. Kila aliyejifunzia cherehani ya miguu anakijua. Ukisimamisha kanyagio mahali pabaya, hata ukandamize kwa nguvu gani gurudumu haliendi, mguu wako unasukuma tu pale pale. Mpaka ulisukume gurudumu la mkono kidogo kwa kiganja. Na ukilisukuma upande usio wake, linarudi nyuma kwa furaha ileile na kukukatia uzi. Mguu una nguvu ya kutosha, ila hauna upande. Upande unatoka kwenye mkono.

Nikaenda kwa yule kijana anayetengeneza redio karibu na kituo cha daladala, nikamweleza hivyohivyo, cherehani na yote. Akaniangalia kama vile nimemkariria mtihani. Akasema, "Mama, umeshamaliza. Mkono wa pangaboi ni kapasita."

Alivyonieleza, nami nawaeleza kwa maneno yangu, mimi wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, niliyeikimbia fizikia toka kidato cha pili. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukiupitisha kwenye koili moja, sumaku inayotokea inavuta huku, inavuta kule, huku, kule, na kile cha kuzunguka kinabaki katikati kinatetemeka. Hiyo ndiyo mmmmm. Ndiyo maana ndani ya pangaboi wameweka koili mbili, na ya pili wanaipitishia umeme kwenye kapasita, ambayo inafanya mkondo wake utangulie kidogo. Basi sumaku moja ikivuta, nyingine imeshavuta tayari pembeni yake, mvuto unakuwa kama unazunguka duara, na pangaboi linaufuata. Kapasita ikidhoofika, koili ya pili inavuta kivivu, na mwendo unapungua. Ikidhoofika zaidi, halianzi mpaka mama aje na rula.

Lakini kijana naye ni mtu wa nne kwenye hesabu yangu, kwa hiyo msimsifu bado. Tulipofungua kile kikombe cha juu tukaikuta kapasita, kidude cheusi cha mraba kimeandikwa 2.5, yaani maikrofaradi mbili na nusu, ndicho kipimo cha ukubwa wake. Akakipima na mita yake: 1.1. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Akaniambia tusihangaike kwenda Kariakoo usiku huu, anayo ya redio ya zamani, 2.2, "inakaribia". Kilikuwa kile cha mviringo kama betri ndogo, kina mstari wa alama ya kutoa ubavuni. Nikamuuliza, hii mbona ina alama na ile haina? Akasema haina shida.

Akafunga, akashuka, mimi nikawasha swichi. Sikufika kuhesabu tano. Paaa! Kama fataki ya mwaka mpya. Moshi, harufu ya samaki aliyeoza kwenye dawa, na vipande vya karatasi na foili vinaelea polepole mpaka kwenye kitenge cha mteja. Swichi kubwa ikajizima. Kijana alikuwa chini ya meza. Sisemi alikwenda kuchukua nini.

Baadaye, aibu ilipomtoka, ndipo akaeleza kisomi. Zile za mviringo zenye alama zinataka umeme wa upande mmoja tu, wa betri. Ukizipa umeme unaogeuka, ule utando mwembamba wa ndani unaharibika, zinachemka, gesi inajaa, zinapasuka. Tena ile ilikuwa ya volti 50, kwetu ukutani ni 230, na hiyo 230 ni wastani wa namna yake, kilele chenyewe kinafika kama 325. Ndiyo maana ya pangaboi inaandikwa 450, tena inaandikwa AC. Nikamwambia, baba, haya maneno ungeyasema saa moja iliyopita.

Kariakoo nilikwenda mwenyewe na ile ya zamani kwenye pochi. Muuzaji ananiambia chukua 3.5, litazunguka kwa nguvu. Nikakataa. Koili imesukwa kwa ajili ya 2.5, ukiipa zaidi inachemka, halafu kweli nitamlipa yule wa elfu arobaini. Nikalipa elfu tatu au nne, nauli ilikaribia bei ya kitu chenyewe.

Kufunga hakuna cha kusimulia, nyaya mbili, haina chanya wala hasi. Ila zima swichi kubwa, si ile ya ukutani peke yake. Kwenye nyumba za kupanga mafundi wengine wanaifunga swichi ya ukutani ikate waya isiyo na moto, kwa hiyo pangaboi limezima na umeme bado uko pale pale unakusubiri. Mimi niligusisha testa kwanza, ikawaka taa, swichi ya ukutani ikiwa imezimwa. Nilitetemeka.

Nilimuuliza kijana kwa nini kitu kisichozunguka kinachoka. Akapasua ile ya zamani kunionyesha: utepe wa plastiki uliopakwa madini membamba mno, umeviringishwa kama uzi kwenye kigurudumu. Umeme ukija kwa kishindo, kama ule wa kukatika na kurudi, unatoboa kitundu, na madini ya pembeni yanayeyuka na kupotea ili isipige shoti. Inajitibu, lakini kila ikijitibu inapungua kidogo. Miaka mitatu ya kukatika na kurudi, ikabaki chini ya nusu.

Na hiyo faradi imetokana na jina la Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi, ambaye ujanani alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu na shule aliisoma kidogo tu. Kujalidi vitabu ni kushona. Basi nimeamua sisi ni watu wa kazi moja.

Sasa hivi namba tano siiwashi, inapeperusha karatasi zangu za vipimo. Wiki iliyopita yule fundi umeme alipita, akasimama mlangoni akatazama juu.

"Ulinunua jipya, mama?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Elfu nne."