Kidumu changu na Mwenge

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Kondoa. Ada ilikuwa imefutwa, MMEM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, umeingia, na darasa la kwanza limefurika watoto hadi chini ya mwembe. Choo cha wasichana kilikuwa kibanda cha matete kilicholalia upande. Hatukukiamini, tulikwenda korongoni. Kondoa ikose yote, makorongo haikosi.

Fedha za choo kipya zikaja, nguvukazi ikawa yetu. Kila asubuhi mwanafunzi aje na kidumu cha maji cha lita tano, Jumamosi ndoo ya mchanga. Vidumu tuliviandika majina kwa rangi ili visiibwe. Baba zetu walichimba shimo, wakagonga mwamba kwenye futi ya tisa. Wakawa wanaukokea moto wa kuni usiku, alfajiri wanaumwagia maji yetu ya vidumu, unalia *pa!* kisha wanashuka na nyundo. Wiki nzima.

Kilipokwisha kilikuwa kizuri kweli: tofali za kuchoma, sakafu ya zege, matundu sita. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, nasi tulikuwa kama 300, kwa hiyo yalipungua tisa. Hilo halikumsumbua mtu, maana hata hayo sita yalipigwa kufuli. Choo kinangoja Mwenge wa Uhuru, ule unaokimbizwa nchi nzima ukizindua miradi, uje ukizindue!

Miezi miwili tukaendelea na korongo, tukipita mbele ya mlango uliopakwa rangi ya bluu.

Siku moja tumbo lilinikamata katikati ya hesabu. Korongo lilikuwa mbali mno. Juu ya ule mlango fundi aliacha nafasi ya kupitisha hewa, nami nilikuwa mwembamba kama fito. Nikatupa kidumu ndani, nikapanda, nikapenya. Siku ya pili sikuwa hata naumwa tumbo, niliingia kwa raha tu. Nikazoea.

Mwenge ulitarajiwa saa nne, ukafika saa nane. Tumeimba hadi sauti zimekauka. Kiongozi wa mbio akakata utepe, mwalimu mkuu akafungua kufuli, wakaingia. Kimya. Kisha kiongozi akatoka ameshika kidumu cha njano, akasoma kwa sauti: jina langu, la baba yangu, VI B.

Nilijificha nyuma ya mgongo wa dada mmoja wa darasa la saba.

"Kumbe kinafanya kazi!" akasema kiongozi, watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu alicheka kuliko wote. Kesho yake asubuhi akaniita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Nilikula viboko vinne, kisha akanirudishia kidumu changu.

Lile kufuli halikurudi tena chooni. Nililiona baadaye kwenye mlango wa stoo ya mahindi.