Mita 60 za Ukingo wa Ziwa

Wafadhili wanaoulizia kazi ya kuhifadhi ukingo wa ziwa huanza karibu wote na swali moja: mtapanda miti mingapi? Ni swali la haki, kwa sababu miche huhesabika, hupigwa picha na huingia vizuri katika ripoti. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea kuwawekea hesabu wakazi wachache wa Tengeru waliojiunga kwa hiari yao kutunza mazingira ya Ziwa Duluti, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba upandaji ndiyo sehemu nyepesi na nafuu kuliko zote. Kazi ngumu ya shirika lisilo la kibiashara linalojitwika ufukwe wa umma ni kuulinda usimegwe, na kuutunza baada ya mgeni rasmi kuondoka.

Kwa asiyelifahamu, Duluti ni ziwa dogo la kreta lililoko mashariki mwa jiji la Arusha, upande wa kusini wa barabara kuu iendayo Moshi. Limezungukwa na mkanda mwembamba wa msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ndani ya msitu huo ipo njia ya miguu ambayo mtembeaji wa kawaida hukutana na kima juu ya matawi na, akiwa na bahati, kenge anayeota jua juu ya gogo lililoangukia majini. Nje ya mkanda huo kuna kahawa, migomba, bustani za mboga na nyumba ambazo zinazidi kuongezeka. Mvua za masika zinaponyesha, kila kilichoko mashambani na uani hutafuta njia ya kuteremka: udongo, mbolea, chupa za maji, kandambili. Mifuko ya plastiki imepungua sana tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hilo ni jambo la kupongezwa bila kinyongo, lakini hakuna marufuku iliyogusa nepi za watoto, na nepi iliyolowa maji ya mfereji kwa wiki moja ni mzigo ambao hakuna anayejitolea kuubeba mara ya pili.

Msitu huo mwembamba ndio chujio la ziwa. Mizizi hushika udongo, majani makavu hupunguza kasi ya maji, na kinachofika ziwani huwa kimeacha njiani sehemu ya uchafu wake. Mbolea ikipita bila kuchujwa hulisha mwani, mwani ukifa na kuoza hula hewa ya oksijeni iliyomo majini, na samaki ndio hulipa gharama. Ndiyo maana kupanda miti ya asili, kama mikuyu na miringaringa, katika mapengo yaliyo kati ya mashamba na msitu ni kazi ya maana. Sibishani na miti. Ninachobishania ni hesabu yake.

Mche mmoja wa mringaringa unaopandwa mwezi wa Aprili hauhitaji msaada wowote hadi Juni, kwa kuwa mvua hufanya kazi yote. Shida huanza Julai. Kufikia Agosti udongo uliozunguka shina umekuwa vumbi, majani yamejikunja pembeni, na mtu lazima abebe ndoo kutoka bombani, amwage maji polepole ili yasiteremke na kupotea, kisha afunike shina kwa nyasi kavu au majani ya migomba. Kazi hiyo hurudiwa hadi mvua za vuli zitakapokubali kunyesha. Katikati ya yote hayo anatokea mbuzi aliyekata kamba, na kwa dakika chache anamaliza mstari mzima. Kwa hiyo gharama ya mche si bei ya kitaluni. Gharama yake ni mshahara wa mtu wa kumwagilia na kulinda kwa misimu miwili ya kiangazi, na kifungu hicho hakimo katika maombi mengi ya fedha niliyowahi kuyasoma.

Halafu kuna choo. Ninajua si mada ya kuvutia, lakini ufukwe wa umma usio na choo kisafi ni ufukwe wa vijana wa kiume peke yao. Mama aliyekuja na watoto watatu, bibi mwenye kisukari, mwalimu aliyeleta darasa zima kutoka shule ya msingi, wote hao huamua kuja au kutokuja kwa kuzingatia jambo hilo kabla ya kuzingatia mandhari. Kujenga choo kunapata mfadhili, tena kibao cha jina lake huwekwa mlangoni. Kukisafisha kila siku, kununua sabuni, kubadilisha koki iliyoibwa na kuita gari la kunyonya maji taka hakuna kibao, kwa hiyo hakuna mfadhili. Ukiniuliza mimi, mahali pa kupima uzito wa shirika la namna hii ni chooni, mwaka wa tatu baada ya uzinduzi.

Upande wa pili wa kazi, yaani kuzuia ukingo usimegwe, una historia ndefu mbali na hapa, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa jiji la Chicago nchini Marekani. Mwaka 1836 makamishna waliokuwa wakigawa viwanja huko waliandika juu ya ramani kwamba kipande fulani cha ardhi kando ya Ziwa Michigan kibaki wazi daima, bila majengo. Maandishi juu ya ramani hayana mikono. Ilibidi mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aanze mwaka 1890 kufungua kesi zilizoendelea kwa takriban miaka 20 ili maneno hayo yaheshimiwe. Baadaye, mwaka 1975, likaanzishwa shirika la Friends of the Parks, ambalo mwaka 2014 lilikwenda mahakamani kupinga jumba la makumbusho la mtengenezaji filamu George Lucas lisijengwe kando ya ziwa hilo. Mwaka 2016 Lucas aliondoa mpango wake, na jumba likapelekwa Los Angeles.

Wapo wakazi wa Chicago waliokasirika, na ninawaelewa, kwa sababu eneo lililokuwa likigombewa wakati huo lilikuwa uwanja wa kuegesha magari. Shirika la kutetea bustani likitetea lami! Lakini hoja ya shirika hilo ilikuwa kwamba ardhi ile ilitokana na kujazwa kwa ziwa, kwa hiyo serikali inaishika kama mdhamini wa wananchi wote na haiwezi kuitoa kwa mtu binafsi, hata akiwa na nia njema. Lami inaweza kung'olewa siku yoyote, ilhali jengo kubwa halirudi nyuma.

Hoja ya udhamini si ngeni kwetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Sheria ipo, tena imeandikwa vizuri. Nilipoitaja mbele ya mzee mmoja aliyevua samaki kwa miaka mingi katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, hizo 60 mnaanza kuzipima wapi? Maji ya Mei si maji ya Oktoba." Bwawani kwao maji yakirudi nyuma huacha ardhi yenye rutuba, na watu huilima, yakirudi mbele, mwenye shamba hugeuka mvunja sheria bila kusogea hata hatua moja. Mtu anayesema atalinda ukingo lazima awe na jibu la swali hilo, na jibu lenyewe ni vigingi vinavyoonekana, vilivyopimwa na wataalamu mbele ya uongozi wa kijiji na wakulima wenyewe, kabla ya ugomvi kuanza.

Ndiyo maana katika rasimu ya bajeti ya mwaka ujao nimependekeza upimaji wa mpaka uje kwanza, kisha mshahara wa mlinzi na mmwagiliaji, kisha matunzo ya choo, na miche iwe ya mwisho, tena michache. Baadhi ya wenzangu wanaona hatutapata fedha kwa mpangilio huo. Mfadhili mmoja ameshajibu kwamba mishahara haimo katika vigezo vyake, lakini yuko tayari kutupatia miche na fulana kwa ajili ya siku ya upandaji. Tumekubaliana kumshukuru, kuziacha fulana, na kumwomba thamani yake igeuzwe kuwa miezi ya kumwagilia.