Bajaji ya mdogo wangu

Nimetoka Vingunguti sasa hivi. Bado moyo unanienda mbio.

Mdogo wangu alisomea umeme VETA Chang'ombe, akamaliza, akakaa nyumbani karibu miaka miwili. Barua za maombi tuliandika mpaka tukachoka. Sasa ana miezi mitatu kwenye karakana inayounganisha bajaji za umeme.

Leo wametukaribisha familia.

Mama akakaa nyuma, dogo akashika usukani. Kimya.

"Mbona huwashi?"

"Imeshawaka, mama."

Ikaondoka taratibu. Hakuna moshi, hakuna mngurumo. Nilikuwa nasikia kandambili za watoto waliokuwa wanatukimbiza nyuma!

Tuliposhuka, Mama akamshika dogo mikono. Vidole vina alama ndogo ndogo za kuungua na lehemu. Akavigeuza kimoja kimoja, taratibu, kama anavihesabu. Hakusema kitu. Akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulipoanza mwaka 2024, mimi niliwaza taa tu na mgao kuisha. Leo nimewaza vidole vile.

Betri na mota za pale bado zinaagizwa nje. Hilo linaniuma, maana vijana wa kuzitengeneza tunao.

Nani ana ndugu kwenye kazi za sola, betri au bajaji za umeme hapa Dar? Alianzia wapi? Niandikieni, kuna wenzake dogo watatu bado wako mtaani.