Taa za kuzama kwenye kabati la mninga, na tundu lililonitoa jasho

Ushauri wa kwanza niliopewa, na wa hovyo kuliko yote, ulikuwa nifunge taa za halojeni za wati 20, eti ni bei chee. Nilizamisha moja kwenye kipande cha mninga nikaiacha inawaka saa mbili. Ukingo wa tundu ukabadilika rangi, chumba kikanuka kama jiko la kuni. Dodoma mbao zimeshakauka zenyewe, hazihitaji kusaidiwa.

Nikarudi madukani Majengo kuchukua taa za LED sita za volti 12, wati 3 kila moja, elfu kumi na kitu kwa moja. Jumla wati 18, kwa hiyo dreva, kile kifaa kinachozipa taa volti 12 kutoka umeme wa nyumba, nikachukua ya wati 30. Ukiibebesha mpaka mwisho inachemka na kufa mapema. Nimeiweka juu ya kabati, mahali hewa inapita na mkono unafika. Usiifungie nyuma ya ubao, na usiizungushie sponji wala matambara ili "isipige kelele", kama wanavyofanya wengine.

Sasa tundu. Boksi liliandikwa milimita 55, nikatoboa 55 kwa msumeno wa duara wa drili. Taa ikagoma: 55 ilikuwa kipimo cha mwili wake tu, springi zinataka 60. Kupanua tundu lililokwisha kutobolewa ni balaa, maana biti ya katikati, ile inayouongoza msumeno, haina pa kushika. Nilijaribu kwa kiburi, msumeno ukaruka, ukachora mlango mpya mstari wa shibiri nzima. Dawa yake: toboa 60 kwenye kipande cha plaiwudi, kifunge kwa klampu juu ya tundu la zamani, chomoa biti ya katikati, halafu zungusha msumeno polepole ndani ya plaiwudi. Ulikata safi kama kisu kwenye papai. Bandika tepu ya karatasi kwanza, na kwa tundu jipya, ukiona ncha ya biti inaanza kutokeza upande wa pili, hamia huko umalizie, mninga usichanike.

Kuweka taa kwenye boriti ni habari nyingine. Usichimbe tumbo lake la chini katikati ya urefu, hapo ndipo inapovutwa zaidi na mzigo. Mimi nilipigilia boksi jembamba la mbao ubavuni, taa zikakaa humo. Tundu la waya lipite katikati ya kimo cha boriti, lisizidi robo yake: boriti ya inchi sita, inchi moja na nusu ndiyo mwisho.

Nilizima breka ya umeme na kupima kwa testa kabla ya kugusa chochote. Hata hivyo usiku taa zilibaki zikimulika kidogo swichi ikiwa imezimwa. Kumbe fundi wa zamani aliipitisha nyutro (waya wa kurudi) kwenye swichi, laivu (waya wenye umeme) ikaenda moja kwa moja kwenye taa. Nikabadilishana nyaya hizo, laivu ikapita kwenye swichi, taa zikazimika kabisa.