Kona iliyochanwa

"Mama, hii ramani nani kaichana?"

Kitindamimba wangu alikuwa ananisaidia kufunga masanduku, maana tunahama Sakina, hapa Arusha. Alikuwa ameshika daftari la kijani, lile la kazi ya Longido kwa wafugaji wa Kimaasai, akalifungua kwenye ukurasa wa penseli: mlima juu, barabara ya Namanga katikati, makorongo yametapakaa kama mishipa ya mkono. Kona ya chini kulia haipo. Nikamwambia nimeichana mwenyewe. Akanyamaza akisubiri, nami nikakaa juu ya sanduku.

Ilikuwa 2010, mwaka mmoja baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe Longido, Monduli na Ngorongoro. Tulikwenda kukisaidia kijiji kuandika kile ambacho wafugaji wanakijua kuhusu malisho yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeiachia halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na sisi tulitaka isimamie kwa maarifa ya wenyewe, si kwa ramani iliyochorwa na mtu wa mjini.

Siku mbili zikapita mbio. Wazee walichora ardhini kwa majivu. Mawe yakawa maboma, samadi ikawa alalili, yale malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Mwenzetu wa Shinyanga akaruka: "Si ndiyo ngitili yetu hii!" Wakakaa naye mpaka jioni wakilinganisha faini za anayeingiza mifugo kabla ya wakati. Hilo nililipenda, na bado nalipenda: mfugaji anamfundisha mfugaji, sisi kazi yetu kuandika tu.

Wanawake walikuwa pembeni, kivulini mwa mgunga. Koko mmoja, yaani bibi mzee, akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikaitika, "Iko." Kesho yake alfajiri akanichukua peke yangu, bila mkalimani, hadi kwenye korongo kavu. Akapiga magoti, akachimba mchanga kwa bakuli. Ulipofika kina cha kiwiko, mchanga ukawa mweusi, kisha ukaanza kutoa maji, polepole, safi. Akaninywesha. "Mwaka jana," akasema, "watoto hapa."

Usiku ule nilitia nukta kwenye daftari. Sikumwuliza.

Siku ya tatu mwenyekiti akasema tuongeze na ya akina mama. Nikachukua kokoto, nikainama kuiweka kwenye mstari wa lile korongo. Mguu ukatangulia. Katambuga yenye shanga za bluu ikatua pale pale nilipolenga, majivu yakaruka na kutulia juu ya vidole vyake. Nikabaki nimeinama, kokoto mkononi. Wazee wakanyamaza. Mkalimani, kijana wa miaka ishirini hivi, akamwuliza kitu kwa Kimaasai, koko hakumjibu. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja:

"Alalili, chukua. Njia ya ng'ombe, chukua. Hii ya siku mbaya. Ikiingia karatasi, gari itafika kabla yetu."

Kisha macho yake yakashuka kwenye daftari.

Nikaichana ile kona. Aliikunja mara nne, akafungua kopo lake la ugoro, akaitia ndani, akafunga. Mguu hakuuondoa mpaka tulipoanza kufagia majivu.

Nilikuwa nikiamini kwamba maarifa yakiandikwa yamepona. Siku ile niliona pia yanavyoweza kuporwa kwa penseli yangu mwenyewe, yenye nia njema.

Jana usiku nikampigia yule mkalimani. Sasa ana watoto wanne. Koko alishafariki. Tangu bomba la kutoka Siha lifike, wanawake wengi wameacha kuchimba mchangani, na ukame umerudi zaidi ya mara moja. Tukaongea ya mifugo, ya ada za shule, halafu akashusha sauti.

"Mama, lile korongo alilokupeleka koko, unalikumbuka ni lipi?"

Nalikumbuka mpaka mti ulioinamia ukingo wake. Lakini sijui koko angetaka nimwambie yeye, au niwatafute wajukuu zake wa kike kwanza, niende nao kwa miguu kama alivyonipeleka.

Binti yangu anasema nimwambie tu, maji ni maji. Nimemwahidi yule kijana nitampigia Jumapili.